Lafudhi ya Mmasai na Kicheko cha Mjini

Wimbo wa "Mi Mmasai" ulipofika Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mimi niliusikia kwanza ndani ya daladala ya Nungwi. Utingo alikuwa akiurudia neno kwa neno kwa sauti ya kuigiza, na abiria wote, nami nikiwa mmoja wao, tukicheka. Kilichotuchekesha hakikuwa fumbo wala kisa. Tulicheka lafudhi. Tulicheka kwamba mtu ameingia studio, akasema mbele ya taifa zima Kiswahili ambacho sisi tulizoea kukisikia kwa mlinzi wa usiku tu. Kwenye benchi la mkabala alikaa kijana wa Kimasai, shuka nyekundu na rungu mapajani, mmoja wa wale wauzao shanga kwenye fukwe za kaskazini. Yeye naye alicheka, tena kutupita sote. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama tulikuwa tukicheka kitu kimoja.

Aliyeuimba wimbo huo aliitwa Abel Loshilaa Motika, aliyezaliwa mwaka 1974, mtu wa Arusha. Jina lake la jukwaani lilikuwa Mr. Ebbo. Waandishi wa muziki humweka katika daftari la Bongo Fleva, na hawakosei, kwani kazi yake ilikuwa ya kufokafoka. Walakini mimi humhesabu kwanza katika safu ya wachekeshaji. Zana zake zilikuwa za mchekeshaji anayesimama peke yake mbele ya kipaza sauti: sura moja ya kubuni, sauti moja, kusita pale panapotakiwa kicheko kipite, na ile hila kongwe ya kujifanya mjinga ili aseme la mwerevu. Na suala lililomkabili ndilo linalomkabili kila mchekeshaji atokaye pembezoni akalielekea soko la taifa. Je, abaki alivyo, achekwe na wa kwao tu, au ajipunguze hadi kila mtu amwelewe?

Suala hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni yetu sisi wa pwani.

Ebrahim Hussein, ambaye wapenzi wa tamthilia wanamjua zaidi kwa Kinjeketile, aliandika tasnifu yake mwaka 1975 kuhusu maendeleo ya drama Afrika ya Mashariki, na humo akavipa nafasi vichekesho, sanaa iliyokulia mijini zama za ukoloni. Vichekesho havikuwa na maandishi. Wachezaji walikubaliana kisa, wakapanda jukwaani, na mengine yakazuka papo hapo. Aliyechekwa humo aghalabu alikuwa mshamba: mtu aliyefika mjini akashindwa kuujua mji, asijue kuvuka barabara wala kuagiza chakula hotelini, na zaidi ya yote asijue kusema. Mjini palikuwa na watu wengi waliokuwa wametoka shamba juzi tu. Kumcheka mgeni wa leo kulikuwa njia ya kuthibitisha kwamba wewe ni mgeni wa jana. Sijui kama pana kicheko chenye hofu ndani yake kuliko hicho.

Nasi visiwani tusijitoe. Nani katika wasomaji wa ukurasa huu hajawahi kusikia mzaha wa mjini juu ya Mpemba, au juu ya mtu wa Makunduchi na Kikae chake? Neno lenyewe "mshamba" limetoka shamba, na sisi wa Ng'ambo na Mji Mkongwe tumelitumia kwa watu ambao karafuu na nazi zao ndizo zilizotulisha.

Lafudhi haichekeshi yenyewe. Huchekesha pale tu ambapo pana lafudhi nyingine iliyokwisha kukaa kwenye kiti, ikajiona kuwa haina lafudhi. Kiti hicho kwa Kiswahili kina tarehe. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne za Waingereza, ikaanza kusawazisha tahajia na kupitisha vitabu vya skuli. Wapenzi wa ushairi wanajua uchungu uliofuata. Kimvita cha Muyaka na Kiamu cha tenzi, vilivyobeba fasihi ya karne nzima na zaidi, vikawa lahaja za pembeni, na mshairi wa Mombasa akaanza kuulizwa na mwalimu kwa nini anaandika "ndoo" ilhali kitabu kimeandika "njoo". Basi ikiwa Kimvita, lugha mama ya washairi, kiliweza kugeuzwa kosa kwa uamuzi wa mkutano mmoja, Kiswahili cha Mmasai kingepata wapi heshima?

Hebu tukisikilize hicho Kiswahili cha Mmasai kwa sikio la mpenda lugha. Kimaa, lugha ya Wamasai, hakina sauti f, v wala z za asili, kwa hiyo ulimi uliokulia humo huzitafutia jirani. Kimaa kina jinsi, ya kiume na ya kike, zinazotanguliwa na ol- na en-, lakini hakina ngeli kama zetu. Mzungumzaji aliyejifunza Kiswahili ukubwani huchukua upatanisho mmoja, akautumia kwa mtu, kwa mti na kwa mji. Sisi tukisikia "mtu ile" tunacheka. Ndani ya "mtu ile" mna sarufi nzima ya lugha nyingine, imesimama imara, imekataa kupinda. Mr. Ebbo alikijua kitu hiki kwa sikio, hata kama hakukieleza kwa maneno ya wanaisimu. Makosa yake hayakuwa ya ovyo. Yalikuwa na utaratibu, ndiyo maana yaliigika, na ndiyo maana utingo wa Nungwi aliyaweza.

Arusha yenyewe yataka maneno machache, kwa sababu huku pwani tunaifahamu kwa mbali, na umbali hufanya watu wote wawe mmoja. Mji uliota kuzunguka boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1899 na 1900, chini ya Mlima Meru. Kwenye mteremko wa mlima wapo Wameru, wakulima wanaosema Kirwa, lugha iliyo karibu na Kichaga. Wapo Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa na rika zao ni za Kimaa, lakini wanalima migomba na mahindi. Wapo Wamasai wafugaji wa nyikani. Juu ya hao wamekuja Wachaga, Wapare, Wairaki, Wasomali, Wahindi na kila kabila lililofuata kahawa, madini ya Mererani na watalii. Mtu wa Dar es Salaam au wa Unguja akisikia lafudhi moja kutoka huko husema, "Mmasai huyo." Huenda anayesemwa ni Mwarusha ambaye nyumbani kwao hapana ng'ombe ila wawili wa maziwa. Au ni Mmeru, ambaye ukimwita Mmasai atakukatalia.

Kutoka mteremko huohuo, mwaka 1952, Kirilo Japhet alikwenda New York kuusimamia mbele ya Umoja wa Mataifa mgogoro wa ardhi ya Wameru, baada ya watu wake kufukuzwa Engare Nanyuki mwaka uliotangulia ili wapewe nafasi wafugaji wa Kizungu. Namtaja kwa sababu katika vichekesho vya mjini mtu wa mlimani huwa hana kesi. Ana vituko tu.

Kisha kuna suala la nguo. Mwaka 1967 Arusha ililipa taifa Azimio. Mwaka huohuo na uliofuata, serikali iliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai suruali na mashati. Shuka na mafuta mekundu vilihesabiwa kuwa ni aibu kwa taifa linaloendelea, na mwenye shuka alizuiliwa mahali pa watu wote, hata kwenye basi. Kampeni haikufua dafu. Baada ya miaka isiyozidi 30, shuka ileile ilikuwa imechapishwa kwenye kila bango la utalii, na Mmasai aliyekatazwa basi akawa anaajiriwa asimame mlangoni mwa hoteli akiwa amevaa vilevile, ili mgeni apige picha. Taifa lilimwaibikia, kisha likamuuza. Katikati ya mambo hayo mawili hakuna aliyemuuliza yeye anasemaje.

Ndipo akaja Mr. Ebbo na jibu, akalitia ndani ya kichekesho ili limezwe. Msemaji wa wimbo anajitangaza kuwa ni Mmasai na anatoa sababu: anadumisha mila. Kisha anawageukia wengine, makabila yaliyobaki ya nchi, na kuwauliza zao ziko wapi, mbona wamekaa kuiga watu wa nje. Jambo hili ni zito. Lingesemwa na waziri kwenye mkutano, watu wangesinzia. Lingesemwa na mwanaharakati wa Kimasai kwa Kiswahili cha gazeti, wangesema anachochea ukabila. Likisemwa kwa "mtu ile", watu walijikuta wamekwisha kulicheka kabla ya kutambua kwamba kidole kinawaelekea wao. Albamu yake aliiita Fahari Yako. Tazama hilo neno "yako": angeweza kusema fahari yangu.

Hapa ndipo ninapoona ustadi wa mtu huyu. Hakulisafisha tamko lake ili apokelewe, wala hakujifungia katika Kimaa ili abaki safi. Alichukua kitu kilekile tulichokuwa tukimchekea, akakifanya kiwe mlango wa yeye kuingilia. Kijana wa kwenye daladala, nadhani, alicheka mlango. Sisi tulikuwa bado tunacheka lafudhi.

Wazee wetu walikuwa na chombo kwa ajili ya mambo haya, nacho ni utani. Mwanazuoni Moreau aliuandikia makala katika miaka ya 1940, akionyesha mtandao wake baina ya makabila mengi ya Tanganyika, uliotokana na vita vya zamani na safari za misafara. Mnyamwezi angeweza kumtukana Mzigua msibani, akachukua kitu chake, na asiguswe. Lakini utani ulikuwa na sharti moja lisilovunjwa: kila mtu na zamu yake. Leo wewe, kesho mimi. Anayetania pasipo kutaniwa si mtani, ni mchokozi. Mmasai wa kichekesho cha mjini hakuwahi kupewa zamu. Alichekwa redioni, akachekwa jukwaani, akachekwa kwenye televisheni, na aliyekuwa akimwigiza, mara nyingi, alikuwa mtu ambaye hajawahi kufika Monduli. "Mi Mmasai" ilikuwa zamu iliyochukuliwa bila kungojewa.

Wakati huohuo, mjini Arusha humohumo, kundi jingine lilikuwa likitafuta njia tofauti. X Plastaz, lililoanzishwa mwaka 1996, lilichanganya kufokafoka kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimasai, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa na kampuni ya Ujerumani. Wao hawakuchekesha. Sauti ya Kimasai kwao ilikuwa ya fahari na ya kutisha kidogo, na Ulaya iliwapokea vizuri kwa sababu Ulaya ilikuwa ikiitafuta sauti hiyo. Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi, aliuawa mwaka 2006, na safari ikapoteza mwendo. Nawaheshimu. Lakini ukiniuliza ni nani aliyekuwa na kazi ngumu zaidi, nitasema ni Mr. Ebbo. Mzungu wa Munich akisikia wimbo wa Kimasai husikia uzuri wa mbali. Mswahili wa Tanga au Unguja akisikia Kiswahili cha Kimasai husikia mlinzi wake. Kumfanya huyu wa pili asikilize kunahitaji hila nyingi.

Nimetaja Tanga kwa makusudi. Mr. Ebbo aliweka makazi yake na studio yake, Motika Records, katika mji huo wa pwani, mji wa King Majuto, ambaye naye alichekesha nchi nzima kwa lafudhi ya kwao hadi alipofariki mwaka 2018. Tofauti ni kwamba Majuto alikuwa akichekesha kwa lafudhi ya jirani wa sanifu. Akikosea, alionekana mjanja wa pwani. Motika akikosea alionekana Mmasai.

Hapo ndipo penye bei. Soko lilipokwisha kuonja lafudhi, lilitaka lafudhi tena, na nyimbo zilizofuata zikaja kwa sauti ileile. Mtu aliyeigeuza dhihaka kuwa hoja alijikuta anadaiwa dhihaka kila mwaka, na hoja ikiwepo ni bahati. Mshairi anaweza kuandika leo kwa bahari ya utenzi, kesho kwa wimbo, na msomaji asimdai sura. Mchekeshaji hudaiwa. Alifariki Desemba 2011 huko Usa River, nje kidogo ya Arusha, akiwa bado hajatimiza miaka 40, na taifa lilimlilia kwa jina la ule wimbo mmoja.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 2005 mchekeshaji wa Marekani Dave Chappelle aliacha kipindi chake cha televisheni na mkataba wa dola milioni 50, akaenda Afrika ya Kusini. Mwenyewe alieleza kwamba siku moja, wakirekodi igizo lililokuwa likiwakejeli wabaguzi kwa kuvaa sura yao ya dhihaka, mtu mmoja mweupe aliyekuwa pale alicheka kwa namna iliyomfanya asite. Kicheko kilikuwa kikubwa kupita kiasi, na kilikuwa cha upande usiotakiwa. Alishtuka kuona kwamba hakuwa na njia ya kuchagua nani acheke nini. Motika hakuwa na dola milioni 50 za kuziacha.

Jirani zetu wa Kenya walilitumia suala la lafudhi kwa namna moja ambayo sisi tulichelewa kuijaribu. Kundi la Redykyulass, mwishoni mwa miaka ya 1990, liliigiza sauti na lafudhi ya Rais Moi mwenyewe, angali madarakani. Lafudhi ikapanda ngazi, ikamfikia mkubwa. Baadaye, katika kipindi cha Churchill, kila kabila lilileta wake. MC Jessy alileta Wameru, wale wa Kenya, tusiwachanganye na hawa wa mlima wetu. Kwetu Tanzania, hata Ze Comedy walipotamba EATV katikati ya miaka ya 2000, kabla ya kuhamia TBC na kujiita Orijino Komedi, majina na ndimi za bara ziliendelea kuwa mtaji: Masanja ni jina la Kisukuma, na lilichekesha hata kabla mwenye nalo hajafungua mdomo. Uchekeshaji wa mtu mmoja na kipaza sauti ulipoanza kushika Dar es Salaam, Evans Bukuku akiwa miongoni mwa walioutengenezea jukwaa, vijana waliotoka mikoani walikuta rafu ya lafudhi imekwisha kupangwa, kila moja na bei yake.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Arusha kwa shughuli nyingine kabisa, nikaalikwa kwenye ukumbi mdogo ambako vijana walikuwa wakichekesha. Mmoja alipanda akiwa amevaa shati na suruali, akaanza kwa Kiswahili cha Kimasai. Ukumbi ulilipuka. Alikwenda hivyo kwa dakika tano hivi: simu, bodaboda, mchumba wa chuo. Kisha akanyamaza, akanywa maji, akasema kwa Kiswahili cha kawaida cha Arusha, chenye lafudhi yake ya mjini, kwamba yeye amezaliwa Kijenge, mama yake ni Mmeru, na Kiswahili hicho cha Kimasai alijifundisha utotoni kwa kumsikiliza Mr. Ebbo kwenye redio ya jirani. Kwao hapana anayesema hivyo. Baba yake alimchapa kwa sababu hiyo.

Kicheko kilipungua nusu. Waliobaki wakicheka walikuwa wa pembeni, karibu na mlango, na mmoja wao alikuwa mlinzi wa ukumbi, amevaa koti la kazi juu ya shuka. Yule kijana aliwageukia hao, akaendelea kwa lafudhi yake mwenyewe. Dakika zilizofuata hazikuwa nzuri sana, kusema kweli. Mizaha miwili ilianguka. Lakini hakurudi kwenye ile ya kwanza, ingawa mtu mmoja wa mbele alimpigia kelele airudie.

Nilipotoka nilimuuliza mlinzi kilichomchekesha. Akaniambia, "Mzee, ile ya baba yake."